Kabla hujapandisha tempo: maneno kwa mnaoanza gitaa

Wiki hii tena nimekaa na kijana anayefanya lile lile walilofanya wenzake waliomtangulia. Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo ya tempo (kasi ya wimbo), iko mapigo 140 kwa dakika, meno yameumana, mabega yamepanda, kidole cha mwisho kinachezea hewani, na kwenye kila noti nne mbili hazisikiki. Nilipomwambia ashuke hadi 60 alinitazama kana kwamba nimemfukuza. Wadogo zangu, kasi mnayoitafuta ipo, na wengi wenu mtaipata, lakini si kwa njia hiyo. Mkono unaokwenda haraka ni mkono uliolegea na unaosogea kidogo. Mengine yote ni maelezo ya hilo.

1. Mnaminya mno.

Chukua gitaa sasa hivi. Weka kidole cha shahada juu ya uzi wa tatu (kuanzia ule mwembamba kabisa), freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), bila kukandamiza. Piga uzi: utasikia sauti butu ya uzi uliozibwa. Endelea kupiga huku ukiongeza mkandamizo kidogo kidogo. Uzi utaanza kukoroma, kisha noti itatoka safi. Simama hapo hapo. Huo ndio uzito wote unaohitajika, na nina hakika ni mdogo kuliko ulivyodhani. Sasa rudisha kidole nyuma, mbali na chuma cha freti, ujaribu tena: itabidi ukandamize zaidi kupata noti ile ile. Ndiyo maana tunasisitiza kidole kikae jirani kabisa na chuma.

Anayeminya kupita kiasi anapata hasara mbili. Ya kwanza, uzi unavutika na noti inapanda, kwa hiyo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inasikika imepinda hata kama gitaa limetyuniwa sawasawa. Nimeona watu wakityuni upya kila baada ya wimbo wakati mkosaji ni kidole gumba kinachokaba shingo kwa nyuma. Ya pili ndiyo inayoua kasi. Kidole hakina misuli yake ndani. Kinavutwa na kano zinazotoka kwenye kiganja na kwenye kigasha, chini ya kiwiko. Misuli ikishajikaza yote kwa pamoja, inayokunja na inayokunjua inavutana, na kidole kinakwama katikati. Ukihisi kigasha kimekuwa kigumu kama ubao, acha. Kung'uta mkono, anza upya.

2. Vidole vinaruka.

Lile zoezi la 1-2-3-4, la kupiga vidole vinne kwa zamu kwenye kila uzi, kila mtu analijua, na karibu kila mtu analipiga kama adhabu. Lengo lake si kumaliza nyuzi sita. Tazama kidole cha mwisho wakati cha shahada kinapiga: kimesimama umbali gani kutoka kwenye uzi? Kikiwa juu sana, kila noti yake itachelewa, kwa sababu lazima kwanza kisafiri kurudi chini. Acha kidole cha kwanza kimelala kwenye uzi wakati cha pili kinashuka, na cha pili kimelala wakati cha tatu kinashuka. Usinyanyue kidole mpaka kuwe na sababu. Fanya hivyo mbele ya kioo.

Na msikate tamaa kwa kidole cha pete. Laza kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini, kisha jaribu kunyanyua cha pete peke yake. Hakinyanyuki, au kinanyanyuka kidogo mno. Kano za kukunjulia vidole zimeungana mgongoni mwa mkono, ndivyo tulivyoumbwa sote, na wanaopiga haraka nao wameumbwa hivyo. Mpiga gitaa wa jazz, Django Reinhardt, aliungua mkono wa kushoto kwa moto mwaka 1928, kidole cha pete na cha mwisho vikaharibika, na solo zake alizipiga zaidi kwa vidole viwili vilivyobaki. Sikilizeni kasi yake, halafu mje mniambie vidole vyenu ni vizito.

3. Kupiga haraka kitu usichokijua.

Hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu nilipita njia hii mwenyewe na ilinichukulia muda ambao haurudi. Nilikuwa najifunza solo moja ya haraka kwa kuisikiliza kwenye rekodi, na tangu siku ya kwanza niliifukuza kwa tempo yake ile ile. Kulikuwa na mahali pa kuteremka kutoka uzi wa kwanza kuingia wa pili ambapo nilikuwa nakosea. Nikikosea narudi mwanzo. Napiga tena, nafika pale pale, nakosea, narudi mwanzo. Sehemu ya kwanza ikawa inang'aa, maana niliipiga mara nyingi kuliko zote, na pale penye shida nilipapitia kwa kukimbia. Baadaye nikawa naimaliza yote bila kusimama, nikaamini nimeiweza.

Kwenye mazoezi ya bendi, mpiga ngoma akaanzisha wimbo taratibu kidogo ili mwimbaji apate pumzi. Hilo tu, taratibu kidogo. Solo ikafika na mkono wangu ukatoroka. Ulifika mwisho wa sentensi kabla ya wenzangu, ukakaa unasubiri. Nikajaribu kuushikilia urudi kwenye mapigo, na hapo nikagundua sijui kidole gani kinafuata. Sikuwa na noti kichwani; nilikuwa na donge moja la mwendo, na donge hilo lilikuwa na kasi moja tu.

Usiku ule nilijirekodi nikiipiga kwa nusu ya tempo. Pale pa kuteremka palipaswa kuwa na noti tano. Mimi nilikuwa napiga tatu. Mbili sikuwahi kuzipiga hata siku moja. Sikio lilizijaza lenyewe kwa sababu lilikuwa limeizoea rekodi. Kila niliporudia "mazoezi" nilikuwa naufundisha mkono kuruka noti mbili, na mkono ni mwanafunzi mtiifu, unashika chochote kinachorudiwa. Kulifuta kosa hilo kulikuwa kazi kubwa kuliko kujifunza solo yenyewe. Kila nikipandisha tempo, njia ya zamani inarudi. Kilichoniokoa ni kubadilisha vidole kabisa: nikahamishia kipande kile kwenye nyuzi nyingine, freti za juu zaidi, ili mkono usiitambue njia.

Kwa hiyo nikiwaambia, "Ipige kwa nusu ya tempo," msinikasirikie. Asiyeweza kuipiga hivyo bado hajaijua, hata kama kwa kasi inasikika. Na msirudi mwanzo kila mnapokosea. Chukua noti mbili kabla ya kosa na mbili baada yake, fanya kazi hapo tu.

4. Metronomu.

Kwa 60, noti nne kila pigo, unapiga noti 4 kwa sekunde. Kwa 120 ni 8, na hapo tayari watu wanageuka kukutazama. Anza pale ambapo unapiga safi na mwili umetulia, ongeza mapigo matatu au manne, na ukichafuka shuka.

Lakini polepole peke yake haitoshi, na walimu wengi hawalisemi hili. Kuna mwendo wa mkono unaofaa kwa 60 ambao kwa 140 hauwezekani. Kwa hiyo, ukishakijua kipande, piga noti tano tu kwa kasi unayoitamani, ya tano iangukie juu ya pigo, kisha simama ulegeze. Tena. Kipande kifupi hakikupi nafasi ya kujikaza. Noti tano zikitulia, ziwe tisa.

5. Mkono wa piki.

Wote mnalaumu mkono wa kushoto. Ziba nyuzi kwa mkono wa kushoto, upige piki (kile kipande chembamba cha kupigia nyuzi) peke yake chini-juu, chini-juu, kwa tempo inayokushinda. Mara nyingi utakuta huo ndio unaokwama, hasa wakati wa kuvuka uzi. Acha ncha ndogo tu ya piki ionekane. Ukiiacha ndefu inazama kati ya nyuzi na unalazimika kuing'oa kila mara.

6. Kodi nazo ni kasi.

Kutoka kodi ya Am kwenda kodi ya C kinachohama ni kidole cha pete tu, kutoka uzi wa tatu kwenda wa tano. Bado nawaona mnanyanyua mkono mzima! Kabla ya kubadilisha kodi yoyote, jiulize kidole gani kinabaki na kipi kinaweza kuteleza juu ya uzi ule ule.

7. Maumivu.

Ncha za vidole zitauma mpaka sugu iote. Hilo ni la kawaida, vumilia. Kifundo cha mkono kikiuma, kigasha kikiwaka, au vidole vikifa ganzi, weka gitaa chini siku hiyo. Isipopungua, mwone daktari. Kama nyuzi zimekaa juu sana kwenye shingo, mpe fundi azishushe, na kwa gitaa la umeme jaribu seti nyembamba inayoanzia 0.009 ya inchi. Atakayekwambia kwamba nyuzi nene ndizo zinazomkomaza anayeanza, muulize yeye alianza na zipi.

Yule kijana wa 140 amekubali kubaki 72 mpaka tutakapokutana tena. Nimempa noti tano.