Re: Kwa nini pweza wa Mafia anaadimika halafu bei inaanguka?
Mkuu, pale Mafia hifadhi ya bahari ipo tangu 1995 na imegawanywa kanda, kuna sehemu huruhusiwi kuvua kabisa, kuna sehemu ni wenyeji tu, sasa juu ya hayo vijiji kama Jibondo navyo vinafunga mwamba, hakuna kuvua pweza miezi kadhaa ili akue. Siku ya kufungua ni bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji yakishakupwa watu wote wanashuka na vijiti, mama zetu mbele, ndoo zinajaa kwa mpigo, hapo mwenye barafu ndo anapanga bei maana pweza hangoji, anaharibika upesi. Chini ya nusu kilo usiguse, kanuni inakataza. Ukienda beba barafu yako, usitegemee ya mtu.