Je, niache kufundisha ili niwe mtafiti wa elimu?

Mwalimu, umeeleza kwamba umefundisha fizikia miaka mitatu huko Kongwa, na unauliza kama ujiuzulu ili ukasome shahada ya uzamili ya elimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Naomba usiliache darasa kwa haraka, kwa sababu swali zuri la utafiti hutoka humo.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu hapa Dodoma mjini kazi ya kupima jotoridi la maji yanayochemka. Kipimajoto kilisimama karibu na nyuzi 96, kama ipasavyo mahali palipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini karibu wote waliandika 100, maana ndivyo walivyokariri. Kwa nini mwanafunzi aamini daftari kuliko macho yake? Je, angejibu vingine angeulizwa kwa Kiswahili, lugha aliyosomea shule ya msingi, badala ya Kiingereza?

Anza kuhifadhi majibu ya namna hiyo, yakiwa na tarehe na bila majina, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kisha omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako, ili ukihitimu uwe na darasa la kurudia.