Rafiki kafariki Wete, Pemba, kaacha mke na watoto: nimkumbuke vipi?

Pole sana, ndugu yangu. Rafiki kufariki kijana, kaacha mke na watoto wadogo, ni msiba mzito. Hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, ni jema, lakini watu hujaa siku za matanga tu, kisha kila mtu hushika njia yake. Wewe anzia hapo. Ulizia madeni yake. Hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Mjane yuko edani, muda wa kutulia nyumbani baada ya kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10, basi mtume mkeo au mama yako apeleke mchele, mafuta na madaftari ya watoto. Mwanawe wa kiume mchukue Ijumaa msikitini, na njiani msimulie babake alivyosuka dema, mtego wa samaki, alivyokuwa akicheka. Mtoto mdogo husahau upesi mno. Ukijaaliwa, anza Ijumaa hii.