Usisaini hiyo fomu ya shemeji

Weka kalamu chini kwanza. Shemeji anataka kukopa milioni moja ya mbolea ya mahindi kwa kausha damu, yaani mkopeshaji wa riba kubwa, wewe umdhamini, halafu unatuuliza kama akimkimbia huyo kausha damu ni dhambi.

Piga hesabu ya hiyo fomu. Riba asilimia 20 kwa mwezi juu ya mtaji wote, miezi 3: anarudisha 1,600,000. Kwa wiki 12 ni kama 133,000 kila wiki, na rejesho la kwanza linadaiwa kabla mbegu haijachipua vizuri. Mahindi yanayopandwa Desemba huko kwenu Mbozi yanavunwa Juni au Julai. Mkopo unaisha Machi, mahindi bado mabichi. Rejesho litatoka wapi kama si kwenye hela ileile ya mbolea? Urea ya kukuzia haitanunuliwa, shamba litageuka njano, na simu ya shemeji itaanza kutopatikana.

Hapo ndipo zamu yako inafika. Afisa mikopo amekwambia saini ya mdhamini "ni utaratibu tu". Muongo mkubwa, na anajua. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini anabeba deni sawasawa na mkopaji, labda mkataba useme vingine. Hawalazimiki kumtafuta shemeji kwanza. Wanakuja kwako mwenye duka, unayejulikana unapolala. Tafuta kwenye fomu maneno kama "nakubali mabadiliko yoyote ya mkopo". Yakiwepo, akiongezewa laki tano kimyakimya, wataidai kwako. Na nafasi ya kiasi ukiiacha wazi, wataijaza wao.

Sasa hiyo dhambi. Anayekopesha bila leseni anavunja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mripoti Benki Kuu, tawi lipo hapo Mbeya. Ila shemeji akitoroka, kausha damu hapotezi kitu. Friji inayobebwa ni yako. Dhuluma shemeji kakufanyia wewe, asisingizie riba.

Kanuni yangu moja tu: dhamini kiasi ambacho ungempa bure na mkaendelea kula sahani moja. Kama ni laki mbili, mpe laki mbili mkononi, fomu irudi ilikotoka. Utasema nina roho mbaya. Sawa, roho mbaya haina rejesho la Jumatatu.

Ukishindwa kukataa kwa ajili ya mama mkwe, andika kikomo cha dhamana kwa tarakimu na kwa maneno, riba ikiwemo. Piga mstari kila nafasi tupu, saini kila ukurasa, piga picha fomu nzima kabla hujatoka ofisini. Kadi ya benki na namba ya siri usiache. Nyumba mnayoishi usiitaje kabisa, haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wako. Na ikitokea umemlipia, dai stakabadhi yenye jina lako, ndiyo utakayomfungulia nayo shauri mahakama ya mwanzo.