Uliza Ujibiwe: Magnesiamu ukiisokota inakuwa ngumu kweli?

SWALI: Habari za kazi mkuu. Mi nasoma ufundi mitambo hapa Mbeya. Mwalimu katuambia fimbo ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesiamu ukiisokota inaongezeka ugumu, tena nje inakuwa ngumu kuliko katikati. Sasa metali ni ile ile, hakuna kilichoongezwa, ugumu unatoka wapi? Na katikati pamekosa nini?
Msomaji, Iyunga

JIBU: Mwalimu yuko sahihi mdogo wangu. Tuanze na la katikati maana ndo jepesi. Chukua fimbo ya kipenyo mm 10, urefu mm 100, chora mstari mnyoofu ubavuni kwa maka peni, bana upande mmoja kwenye jiriwa halafu upande wa pili zungusha nusu mzunguko. Mstari utalala na kuizunguka fimbo, ila pale katikati kabisa hakuna kilichohama. Hesabu ya kiasi metali ilivyohama ni umbali kutoka katikati, mara pembe ya msokoto kwa radiani (nusu mzunguko ni radiani 3.14), gawanya kwa urefu: nje unapata 5 × 3.14 ÷ 100, yaani kama 0.16, nusu ya njia 0.08, katikati sifuri. Ndo maana ukiikata ile fimbo ukaisugua msasa mpaka ing'ae ukapima ugumu kwa Vickers, ile ya kibonyezo cha almasi chenye ncha ya piramidi, ukianza katikati kwenda ukingoni vishimo vinazidi kuwa vidogo. Kishimo kidogo ndo ugumu mkubwa, hapo wengi wanachanganya kwenye mtihani.

Haya, ugumu wenyewe. Metali ni chembe chembe za fuwele zilizobanana, na ndani ya magnesiamu atomi zimejipanga kwa pembe sita tabaka juu ya tabaka, kwenye joto la kawaida njia rahisi ya kuteleza ni moja tu, tabaka juu ya tabaka kama karata mkononi. Alumini ina njia nyingi za kuteleza, magnesiamu ni bahili. Sasa chembe ambayo karata zake hazijakaa vizuri kwa msokoto wako inafanyaje? Kipande chake kinageuka ghafla, mpangilio wa atomi unazunguka kama nyuzi 86, kinakuwa pacha wa kile kilichobaki, na kati yao unatokea mpaka. Kwenye hadubini utawaona hao pacha kama mistari minene inayokatiza chembe, na kadiri unavyosogea ukingoni ndo wanavyozidi kujaa. Ile mipaka, pamoja na kasoro za mpangilio wa atomi zinazorundikana humo ndani, inazuia utelezi unaofuata, na metali isiyoteleza kirahisi ndo tunaiita ngumu. Hakuna uchawi.

Ila usidhani unaweza kusokota tu bila mwisho, kwenye baridi hii ya Mbeya aloi ya magnesiamu kama AZ31 (alumini karibu 3%, zinki 1%) itakatika mapema. Wanaotaka kufika mbali wanabana kisahani chembamba kwa mgandamizo mkubwa sana huku wanakisokota, hapo mgandamizo unazuia nyufa na chembe zinasagika mpaka chini ya mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita). Mgandamizo wa namna hiyo ndo kazi iliyompa Mmarekani Percy Bridgman Nobel ya fizikia mwaka 1946. Na ukishapata huo ugumu usiupeleke kwenye moto, ukifika kama nyuzi 300 za Selsiasi zinazaliwa chembe mpya na ugumu mwingi unakutoka.

SWALI: Kamwene kaka. Napasua mbao huku Mafinga, bodi ya chensoo yangu imepinda kidogo baada ya kuangukiwa na gogo, naambiwa ni magnesiamu. Niipashe kwa gesi niinyooshe?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kamwene. Hapana kaka, usithubutu. Bodi nyingi za chensoo zimemiminwa kwenye moldi, na aloi inayotumika sana kwa kumimina, AZ91, inaanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 500, gesi itaila pembeni wewe bado unasubiri ilainike. Halafu ule unga wake wa tupa unawaka, na ukiwaka usimwagie maji, maji yanazalisha haidrojeni moto unapanda zaidi, funika kwa mchanga mkavu. Iliyopinda kwa kugongwa na gogo mara nyingi ina ufa usiouona, kwa hiyo fungua, kagua pale bolti zinapoingia na kwenye viti vya beringi, ukikuta mstari tafuta bodi nyingine kwa wanaouza chensoo mbovu kwa vipuri.