Madogo mnaotaka kurudia muvi za mapigano, someni hii kabla hamjawasha kamera

Kitu cha kwanza, hiyo muvi unayotaka kuirudia ina mwenyewe. Kila siku nakutana na madogo hapa Dodoma, mtu anakwambia kaka nataka niifanye upya ile ya zamani ya ngumi, namuuliza umeongea na mwenye stori, kimya. Mwongozaji wa Kiitaliano Sergio Leone mwaka 1964 alichukua stori ya muvi ya samurai ya 1961, Yojimbo, ya mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa, akaigeuza ya makauboi bila kuomba, akashtakiwa, mwisho Kurosawa akalipwa asilimia 15 ya mapato na Marekani wakaja kuiona 1967. Kwetu sheria ya hakimiliki ipo toka 1999, na kibali cha Bodi ya Filamu unakihitaji pia, so malizeni karatasi kwanza.

Haya sasa ngumi zenyewe. Anayeuza ngumi ni anayepigwa, siyo anayepiga. Mkono unapita shubiri nzima mbele ya uso, kamera ikae nyuma ya bega la mpigaji, yule mwingine ageuze shingo kwa wakati, basi. Fanyeni mazoezi taratibu kabisa kama mnacheza ngoma, siku tatu nne, spidi inakuja yenyewe.

Hili la godoro naomba mlisome mara mbili. Tulikuwa tunashuti kwenye mawe nje kidogo ya mji, kijana wetu anasukumwa anadondoka toka juu ya jiwe refu kama mtu, chini kuna godoro, teki ya kwanza safi. Kabla ya teki ya pili mtu wa kamera akaona kona ya godoro inaonekana kwenye fremu akalivuta pembeni, hakumwambia mtu, dogo akaruka palepale alipozoea akatua na bega. Bega lilitoka. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti aliyotoa naumia, maana mimi ndo nilisema ekisheni. Toka siku ile kuna mtu mmoja kazi yake ni godoro tu, yeye asiposema tayari hakuna anayeruka hata jua likizama.

Kingine vumbi. Upepo wa hapa mnaujua, mchana ukianza shati jeupe linakuwa jekundu, halafu kwenye kuediti jamaa yupo msafi, mchafu, msafi tena. Piga picha kila teki, ujue shati lilikuwaje. Na nguo usitegemee mitumba ya soko la Sabasaba, shati tatu zinazofanana hupati, nenda kwa fundi akushonee tatu, moja safi, moja ya vumbi, moja ya kuchanika.

Kama mna simu mbili shutini na zote mbili kwa mpigo, Kurosawa vita ya mwisho kwenye mvua, kwenye muvi yake ya 1954, Seven Samurai, alitumia kamera kadhaa pamoja maana fujo ya namna ile huwezi kuirudia ikatoka vilevile.

Sauti ya mfupa kuvunjika tunarekodi na bua kavu la uwele, unalisogeza karibu na maiki unalivunja mara moja, usiku, majenereta ya jirani yakishazimwa.