Mwizi Asiye na Jina: Ushauri kwa Wanaoandika Fantasia

Miswada ya fantasia ninayotumiwa siku hizi ni mingi, na mingi huanza na theluji. Mfalme yuko ngomeni, nje theluji inaanguka, joka liko njiani. Mwandishi anaishi Kibaha. Sina ugomvi na theluji, wala simlazimishi mtu aandike minazi eti kwa kuwa kazaliwa penye minazi. Ugomvi wangu ni kwamba theluji yenyewe haina baridi. Mhusika anaikanyaga usiku kucha, vidole havimfi ganzi, viatu havilowi, hata kukohoa hakohoi. Nikimuuliza mwandishi ngome ile kaitoa wapi, ananitajia filamu.

Ninachomshauri ni hiki: kasome maandishi ya kale yenyewe, tena polepole, hadi uone mahali yaliponyamaza. Hapo ndipo pa kuingia. Na ukiingia, ingia na jambo ambalo mwili wako unalijua.

Nimchukue J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyeandika The Hobbit na The Lord of the Rings, kwa sababu ndiye anayeigwa kuliko wote na ndiye anayeigwa vibaya kuliko wote. Wengi hudhani alikaa tu akajibunia dunia kichwani. Lakini mtu huyu kazi yake ya mshahara ilikuwa Zama za Kati. Alipokuwa akifundisha Leeds alishirikiana na E.V. Gordon kuhariri shairi la karne ya 14 kuhusu Gawain, mmoja wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Toleo lao lilitoka mwaka 1925, na mwaka huohuo akawa profesa wa Kiingereza cha Kale huko Oxford. Mwaka 1936 alitoa mhadhara British Academy kuhusu Beowulf, shairi la kishujaa la Kiingereza cha Kale, akawasema wasomi waliokuwa wakilifukua kutafuta historia huku wakiyaonea haya mazimwi yaliyomo. Kwake yeye mazimwi ndiyo yaliyokuwa shairi lenyewe.

Beowulf lina mistari 3,182, na limetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000. Mwaka 1731 jengo ilimohifadhiwa jijini London lilishika moto. Nakala ikaokolewa, kingo zimeungua. Sehemu ya mwisho ya shairi inasimulia joka lililolalia hazina miaka 300. Mtu mmoja anaingia kwa kunyata, anaiba kikombe, anatoka. Joka linaamka, linaichoma nchi, mfalme mzee anatoka kwenda kulikabili, na kifo chake kinakuwa hapo.

Huyo mwizi ni nani? Shairi halimtaji jina. Tunaambiwa alikuwa anakimbia kupigwa, na kikombe kile alikwenda kumpa bwana wake ili apate kusamehewa. Basi. Na kama kwa makusudi, ukurasa wenyewe umechakaa vibaya hapohapo, herufi zimefutika, hata lile neno la kutuambia alikuwa mtu wa daraja gani halisomeki sawasawa. Wahariri wengi wanakisia alikuwa mtumwa. Shairi linamchukua mtu huyu, linamtumia kuliamsha joka, kisha linamwacha na kurudi kwa wafalme.

Sasa fungua The Hobbit ya mwaka 1937. Shujaa wake ni mwizi. Ni mtu mdogo, mpenda kula, anayeondoka nyumbani kwa haraka hadi anasahau leso yake. Anatumwa peke yake kwenye pango la joka, na kitu cha kwanza anachoiba ni kikombe. Joka linaamka na mji unateketea. Yule aliyepewa mistari michache ya ukurasa uliofutika amepewa kitabu kizima, pamoja na woga wake na njaa yake. Mwaka uliofuata Tolkien aliandika gazetini kwamba Beowulf ni miongoni mwa vyanzo anavyovithamini sana, lakini alipokuwa akiandika hakuwa nalo akilini kwa makusudi. Wizi ule ulijitokeza wenyewe kutokana na mambo yalivyokuwa. Namwamini. Ukiyasoma maandishi miaka na miaka, hayakupigii hodi tena, yanaingia tu.

Hata majina ya vibeti wake aliyakuta namna hiyo. Katika shairi moja la kale la Iceland, lililohifadhiwa katika mswada wa karne ya 13, mna orodha ya vibeti: Durin, Thorin, Fili, Kili, Bombur, na katikati yao Gandalf, jina alilompa mchawi wake. Ni majina matupu, karibu hayana hadithi yoyote. Mwingine angeiruka orodha ile aende penye vita.

Lakini kusoma peke yake kungemfanya profesa tu, na maprofesa wa Kiingereza cha Kale walikuwepo wengine ambao hawakutuachia hata ukurasa mmoja wa hadithi. Mwaka 1916 Tolkien alikuwa ofisa wa mawasiliano jeshini, kwenye mapigano ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikaa huko tangu kiangazi hadi homa ya mahandaki, inayoenezwa na chawa, ilipomrudisha Uingereza mwezi Novemba. Alikuwa na marafiki watatu wa tangu shuleni Birmingham, waliokuwa wakisomeana mashairi na kupanga makubwa. Rob Gilson aliuawa Julai 1, siku ya kwanza ya mapigano. G.B. Smith alikufa kwa majeraha mwezi Desemba. Akabaki Christopher Wiseman peke yake.

Baadaye Tolkien alikiri katika barua kwamba mabwawa ya wafu katika The Lord of the Rings, yale yenye nyuso za maiti chini ya maji, yana deni kwa Ufaransa ya kaskazini ilivyokuwa baada ya Somme. Hilo hunukuliwa sana. Mimi naona deni kubwa zaidi liko kwingine. Mashairi ya kishujaa ya kale yanajua sana kueleza jinsi shujaa anavyokufa: moto wa maziko, kilio, kilima cha kaburi kinachoonekana kutoka baharini. Hayajui la kusema juu ya mtu wa kawaida aliyepona, akarudi kijijini, akakuta watu wanaongea habari za mazao. Frodo, shujaa wa The Lord of the Rings, anarudi nyumbani mshindi, lakini kila mwaka ikifika tarehe aliyochomwa kisu, kidonda kinaamka na yeye anaugua. Mwisho anaondoka kabisa. Hilo hakulipata katika mswada wowote. Alilijua.

C.S. Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, naye alikuwa msomi wa Zama za Kati, naye alijeruhiwa katika vita ileile, mwaka 1918. Lakini kilichompata mapema zaidi ni kifo cha mama yake, aliyefariki kwa saratani mwaka 1908 Lewis akiwa na miaka tisa. Mwaka 1955 alichapisha hadithi ya mvulana ambaye mama yake yuko kitandani anakufa, na ambaye anasafiri dunia nyingine akarudi na tunda la kumponya. Bustani yenye tunda la uhai ni jambo la kale sana. Mtoto aliyesimama mlangoni pa chumba cha mgonjwa na tunda mfukoni ni Lewis.

Usidhani pia kwamba watu wa Zama za Kati wao hawakujitia ndani ya maandishi yao. Thomas Malory, aliyezikusanya hadithi za Arthur kwa Kiingereza katika karne ya 15, anajitambulisha mwenyewe kuwa mfungwa na anawaomba wasomaji wamwombee kwa Mungu atoke salama. Ukilijua hilo, kila mlango unaofungwa katika kitabu chake unausikia tofauti.

Tuje kwetu. Sisi tuna Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, wenye vita vya Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi. Tuna Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yake ni ya kale kuliko utenzi wake, ule uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kila mtu anamjua Liyongo kwa sindano ya shaba kitovuni na kifo kando ya kisima. Mimi nilikwama mapema zaidi, kule gerezani. Liyongo amefungwa Pate. Anampa kijakazi Saada ujumbe wa kuimba, ampelekee mama yake: atie tupa, chombo cha kukerezea chuma, ndani ya mkate wa wishwa. Mama anaandaa vyakula vizuri, na pamoja navyo mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wananyang'anya vile vizuri na kuudharau mkate. Unamfikia Liyongo. Ngoma ya gungu inapigwa, watu wanaimba kwa nguvu, yeye anakata minyororo chini ya kelele zao.

Ni mpango mzuri mno, na wasimulizi wanaufurahia hivi kwamba wanamsahau aliyeubeba. Saada alipita mbele ya askari wenye silaha na chombo ambacho kama kingevunjwa katikati angeuawa. Alikuwa anatazama wapi? Utenzi hausemi.

Mimi nilijua. Baba alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, katika shamba moja mkoani Tanga, na zamu zake za jioni mimi ndiye niliyempelekea chakula. Getini alikuwepo mlinzi ambaye lazima afunue kawa kwanza. Akikuta samaki, anachukua samaki, anakwambia "haya, pita." Baba alikula ugali na mchicha mara nyingi mpaka mama alipoanza kumfukia samaki chini ya ugali. Mama hakuwa amesoma utenzi wowote. Mimi nilijifunza mambo mawili pale getini. Usitazame bakuli, maana mlinzi atatazama unapotazama. Na ukishapita usikimbie, ingawa miguu yote inataka kukimbia. Harufu ya makapi ya mkonge yaliyochacha ilikuwa imejaa pale, na hadi leo nikiisikia tumbo linajikaza.

Nilipoandika hadithi yangu ya Saada, katika nchi ya kubuni ambako gereza linalindwa na mazimwi, nilimpa macho yale na miguu ile. Nyota, majini, ramani, vyote vilikuja baadaye. Ndiyo hadithi yangu pekee ambayo watu wasionijua wameniandikia kuniuliza mhusika yuko wapi sasa.

Kwa hiyo unaposoma maandishi ya kale, shika kalamu. Wapigie mstari wote wasio na majina: mbeba mizigo, mpiga kasia, mpishi, mwanamke anayefungua mlango mara moja kisha haonekani tena. Angalia nani anatumwa na hatuelezwi amefikaje. Usiwe na haraka ya kuelewa kila beti. Kiamu cha tenzi, yaani lahaja ya Lamu, kitakutesa mwanzoni, soma kwa sauti, utashangaa ni mangapi sikio linayajua kabla ya macho. Toleo lenye maelezo pembeni lina faida kuliko muhtasari wa mtandaoni, kwa sababu muhtasari hufuta hasa vile vijitu vidogo unavyovitafuta.

Upande wa maisha yako, watu huniambia "mimi sijapigana vita, sina la kusimulia." Umepanga foleni ya maji tangu alfajiri ukiwa na madumu mawili? Umelala chumba kimoja na watu wasioelewana? Umesubiri matokeo yabandikwe ukutani? Usiniandikie ulivyojisikia. Niandikie mikono ilikuwa wapi.

Kuna hatari moja. Ukishagundua kwamba maisha yako yanaingia, utashawishika kulipiza kisasi: zimwi liwe mwalimu mkuu wako, joka liwe baba mkwe. Usifanye hivyo. Tolkien alieleza wazi kwamba hapendi mafumbo ya aina hiyo, ya hiki ni kile, na wasomaji waliotaka vita ya Pete iwe Vita vya Pili vya Dunia aliwakatalia. Mlinzi wangu wa getini hayumo katika hadithi ya Saada. Zimwi langu la mlangoni lina njaa yake lenyewe na sababu zake. Nilichokichukua getini ni mwili wa mtoto anayepita, si sura ya aliyemsimamisha.

Ukimaliza, msomee mtu aliyepitia jambo lenyewe. Yeye hatakusifia lugha, atakushika kwenye ukweli. Nilimsomea baba sehemu ya mashine ya mazimwi, niliyoiandika kwa kuikumbuka korona, ikinguruma usiku na mchana hadi watu wanaogopa. Majini hayakumshughulisha hata kidogo. Alisema kunguruma hakumtishi mtu, wafanyakazi walikuwa wanasinzia huku inanguruma. Waliogopa inaposimama kabla ya wakati, maana hapo ama mkanda umekatika ama mtu ameumia, na kila mmoja anageuka kuwahesabu wenzake. Nilifuta kurasa mbili nikaziandika upya kwa maneno yake, na sura ile sasa inaanzia pale mashine inaposimama.